Jamii za Wapanda Jabal Shams: Utafiti wa Awali

Elimu ya viumbe imemsahau mpanda milima wa Muscat azungumzaye Kiswahili, mtu ambaye wazee wake wametoka Unguja, kisiwa ambacho hata Masingini, mwinuko wake wa kujivunia, haufiki mita 150. Makala haya yanaziba pengo hilo.

Jamii iliyoenea zaidi ni Mpanda-Gari. Huonekana siku za mapumziko, akipandishwa na Land Cruiser Jabal Shams, mlima mrefu kuliko yote Oman, hadi ukingoni mwa bonde la Wadi Ghul, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi. Hapo hutandika mkeka, hufungua chupa ya kahawa, tende na sambusa, kisha huzilinda sambusa dhidi ya mbuzi wa mlimani, ambao wamewachunguza wageni kwa muda mrefu kuliko mtafiti yeyote. Hatua zake hazizidi zile za kutoka garini hadi ukingoni kupiga picha, na nyingine chache za kununua kishikizo cha funguo kilichosokotwa kwa manyoya ya mbuzi. Kishikizo ndicho ushahidi wake. Akirudi Ruwi, mjini Muscat, husema, “Nimepanda Jabal Shams,” na haapi uongo.

Mpanda-Riyam, asiyefika hata Jabal Shams, hatamchelewesha msomaji. Huvuka vilima vya mawe kutoka Riyam hadi Mutrah, humo humo Muscat, akiwa na fimbo mbili na mkoba wa kwendea Himalaya, na saa mbili baadaye yuko sokoni anakunywa chai ya karak.

Jamii adimu ni Mpanda-Miguu. Huyu hufuata njia ya W4, akisoma alama za njano, nyeupe na nyekundu zilizopakwa maweni, kati ya mireteni iliyopindana kwa uzee. Hupanda zaidi ya mita elfu moja, maji mgongoni, siku nzima kwenda na kurudi, hadi kilele cha kusini. Akifika, akiinua macho kaskazini, huona kilele kirefu zaidi, na juu yake rada ya jeshi. Hakuna ruhusa ya kwenda.

Hapa uainishaji wetu unatikisika. Kwa kanuni kali za kisayansi, aliyefika kileleni Oman ni askari peke yake, naye amepelekwa kwa zamu. Tulipowasilisha matokeo barazani, Mpanda-Miguu alinuna. Mpanda-Gari alimmiminia kahawa.

“Ami, ulifika wapi hasa?”

“Kilele cha kusini.”

“Basi sote tumeishia chini ya askari. Ila mimi nilikula sambusa.”