Nukta Tatu

Mwezi wa Disemba, kaskazi inapoanza kuvuma na jua la Tanga likawa halichomozi ila kwa nia ya kutuadhibu, sisi walimu hupata likizo. Na likizo, kwa mtu aliyezoea kuongozwa na kengele, ni neema yenye fitina ndani yake, kwani humwachia wasaa wa kuihasibu nafsi yake. Mwaka ule niliazimu kuihasibu kwa maandishi. Nilinunua daftari la kurasa 96 lenye jalada gumu, nikaweka nadhiri ya kuketi kila siku baada ya alasiri chini ya mwembe wa uani, niyaandike niliyoyatenda pamoja na aibu nilizozificha, ili Januari ikiingia inikute mtu mwingine: mpole wa ulimi, haba wa usingizi, na mwenye kiasi mbele ya sahani ya halua.

Siku tatu za mwanzo nafsi haikupata zamu yake, maana jasho lilitangulia. Lilitiririka kutoka kiwikoni hadi karatasini, likaukuta wino ungali mbichi, na toba yangu ya Jumatatu, ambayo naikumbuka kuwa ilikuwa fasaha mno, ikageuka ziwa la buluu ambamo neno moja tu lilisalimika, nalo ni "kesho". Nikauacha wino, nikashika penseli.

Ikabaki shida ya sitara. Nani atasema kweli juu ya nafsi yake ilhali anachelea mwanawe wa darasa la sita asije akaisoma kweli hiyo kwa sauti barazani? Nikamkumbuka Samuel Pepys wa London, aliyeandika shajara yake toka mwaka 1660 hata 1669 kwa hati ya mkato, ikakaa imefumbika hata isipigwe chapa ila mwaka 1825, mwenyewe keshazikwa miaka zaidi ya mia. Nikasema, ikiwa Mwingereza alikuwa na hati yake, mimi ninayo ya babu zangu: hati za Kiarabu, ambazo wazee wetu waliziandikia tenzi, nyaraka na madeni, na ambazo wanangu, ijapokuwa huzisoma madrasa kila siku, hawajapata kudhani kwamba zaweza kusema Kiswahili. Kwa kuzidisha hadhari nikaziacha bila irabu. Siri ilitimia kupita kiasi, kwani nilipoirudia habari ya juzi sikuweza kutambua kama niliyemkemea alikuwa baba, bibi, au bubu.

Katika hadhari hizo zote nilimsahau mtu mmoja. Mama mkwe alikuja kutoka Pangani kuwatazama wajukuu wake, naye ni mwanamke wa chuo hasa, ambaye barua zake zote tangu usichana wake huziandika kwa hati hizo hizo, na zile tunazosomesha sisi huziita herufi za serikali. Mkono wake ni mkunjufu kwa kila kitu, na chumvi haikukosa fungu lake. Siku ya pili ya ujio wake, kwa ule unyofu niliouwekea nadhiri, nikaandika: "Mchuzi wa mama una chumvi ya kutosha mtaa mzima. Nimeula, nikausifu. Huu ni unafiki."

Kesho yake niliwekewa mchuzi wa nguru wa nazi usiokuwa na chumvi hata chembe. Kesho kutwa vivyo hivyo. Wenzangu walikula kwa raha isiyo na maelezo, mimi nikimeza nazi tupu, na kila nikiinua kichwa namwona mke wangu amejiziba uso kwa ncha ya kanga.

"Mkwe wangu, chakula chashuka?"

"Chashuka, mama, alhamdulillahi."

Ningejibu nini? Mtu hamwombi mamaye mkwe chumvi. Huko ni kumwambia hajui kupika. Na sababu ya kunyimwa sikuijua, wala sikuthubutu kuuliza.

Siku ya tano nikafungua daftari ili niandike juu ya subira. Kurasa zote zilikuwa zimetiwa irabu, fatha na kasra kila moja mahali pake, kwa mwandiko mwembamba ulioupita wangu kwa mbali. Nilipofika kwenye ule mchuzi, nikaona ile jim niliyoitia nukta moja tumboni imeongezewa mbili ili iwe "ch", na pembeni pameandikwa: "Mwanangu, kwa nukta moja umeandika mjuzi. Mjuzi ni mimi."

Jioni ile sikuandika habari za nafsi. Niliandika mstari mmoja, irabu zote kamili, nukta tatu zikiwa zimekolezwa hata penseli ikakaribia kutoboa karatasi: "Mama, naomba chumvi kidogo." Nikaliacha daftari wazi juu ya mkeka.

Asubuhi nililikuta pale pale mwembeni, limeelemewa na kikombe cha kahawa kilichojaa chumvi ya mawe, na neno "kidogo" limepigiwa mstari mara mbili.