Juma Hadaiwi

Majina mengi ya kiume ni madeni. Mzazi humwita mwanawe Karimu, naye akakua mchoyo wa kuficha hata chumvi; yuko pia Swaburi anayepiga honi kabla taa haijawaka kijani, na Bahati ambaye daladala hujaa akiwa ameshainua mguu apande. Wakiitwa tu, wamesutwa. Juma peke yake hadaiwi. Jina lake latokana na Ijumaa, ambayo kwa Kiarabu ni siku ya kukusanyika, na halimwahidi mtu chochote zaidi ya kwamba mtoto alizaliwa siku hiyo. Awe mvivu, mlevi au mbunge, hawezi kulitia aibu.

Wapo wanaodai kwamba huo ni uvivu wa wazazi, kutazama kalenda badala ya kufikiri. Mbona Waakan wa Ghana hawalaumiwi? Kwao Kofi ni mvulana wa Ijumaa, na Kofi Annan, aliyezaliwa Ijumaa ya tarehe 8 Aprili 1938, alikwenda na jina lake hilo la kalenda hadi kiti cha Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Angezaliwa Tanga, dunia ingesikilizana na Bwana Juma. Pingamizi lenye meno ni hili: hata hiyo siku yenyewe si ya kuaminika. Wako akina Juma wa Jumanne waliorithi jina la babu. Tena pwani siku huanza magharibi, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia jua la Alhamisi likishazama. Mtoto akizaliwa saa tatu usiku huo, bibi anamwita Juma, karani anaandika Alhamisi, na ukoo mzima unabaki na mzozo wa kudumu. Lakini hapo kosa ni la kalenda. Wiki yetu tunaihesabu kuanzia Jumamosi, tunafika Jumatano, yaani ya tano, kisha tunaingia Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano. Mwenye kesi ni Hamisi.

Kwamba akina Juma ni wengi mno, sibishi: liite jina hilo stendi uone shingo zitakavyogeuka. Ndiyo maana mtaa huongeza Fundi, Mrefu au Chipsi, na nyongeza hiyo mtu huipata kwa kazi au umbo lake, si kwa matumaini ya wazazi. Faida ya jina lisiloahidi kitu ilionekana kwa Juma Ikangaa, mwanariadha wa Tanzania, aliyemaliza wa pili katika marathoni ya Boston mara tatu mfululizo, 1988 hadi 1990. Ile ya kwanza aliachwa na Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde moja tu. Hebu fikiria magazeti yangemfanya nini kama angeitwa Ushindi. Aliposhinda New York, Novemba 1989, ilikuwa Jumapili.