Saa Nane ya Nani?

Kila Januari ofisi yetu hupokea shajara nyingi kuliko wageni. Zinaletwa na benki, na watu wa bima, na yule muuza wino wa printa anayetukumbuka mara moja kwa mwaka. Zina majalada magumu ya ngozi bandia na utepe wa kushikia ukurasa, na ikifika Februari nyingi zimeshahamia majumbani: moja inatunza hesabu za kikoba, nyingine mtoto amechorea magari. Ukurasa unaosomwa kweli ni ule wa sikukuu, na hapo mchapishaji huwa mkweli kuliko sisi sote. Mapinduzi, 12 Januari. Saba Saba, 7 Julai. Nane Nane, 8 Agosti. Ikifika Idd, anaweka kinyota, na chini kwa maandishi madogo: itategemea kuandama kwa mwezi.

Mimi ningekitaka kinyota hicho kwenye kila miadi yangu. Kikao cha bajeti, Jumatatu saa tatu, kinyota: kitategemea kuandama kwa mkurugenzi.

Kisha likatoka dokezo kwamba shajara za karatasi basi, sote tuhamie kwenye kalenda moja ya pamoja, kwenye simu na kompyuta. Kila mtu aone nafasi za mwenzake, na rangi zitenganishe kazi: bluu vikao, kijani safari, nyekundu dharura. Haukupita muda kalenda yote ikawa nyekundu, kwani haikupatikana idara iliyokubali kwamba lake si la dharura.

Mkosi wa kwanza ulitokana na saa yenyewe. Dokezo la mkurugenzi liliandikwa kama madokezo yote ya nchi hii yanavyoandikwa: kikao na wafadhili, saa 8:00 mchana. Kijana wa TEHAMA, mtiifu na mwepesi, akaingiza 8:00 kwenye kalenda, na kalenda, ambayo mchana wetu haiujui, ikaelewa asubuhi. Sisi tuliosoma dokezo hatukuwa na shida. Wafadhili walipata mwaliko wa kalenda tu, wakawa getini saa mbili asubuhi na tai zao, wakati mfagizi anamwaga maji ya sabuni kwenye ngazi. Mlinzi aliwatafutia kiti kimoja, wakawa wanakipokezana. Saa nne mkurugenzi akapanda ngazi, akawakuta, na uso ukamkunjuka. "Ndiyo maana wenzetu mmeendelea," akawaambia huku akiwashika mikono. "Kikao saa nane, nyie mmeshafika!"

Siku hizi mialiko inaandikwa saa zote mbili, ya kwetu na ya kalenda. Imesaidia, isipokuwa kwa wale wanaosoma mstari wa kwanza na kuzima simu.

Halafu kuna London. Kila Jumanne tuna kikao cha mtandaoni na wenzetu wa huko, saa nne asubuhi kwao. Katika majira yao ya baridi hiyo ni saa saba mchana kwetu, yaani tumeshakula. Jumapili ya mwisho ya Machi wao husogeza saa zao mbele, na sisi tusiogusa mshale wowote tunakuta kikao kimehamia saa sita. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha, nacho kinarudi. Dar es Salaam jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, na hatujawahi kuona sababu ya kulisumbua. Jaribu basi kumweleza mama ntilie kwamba kuanzia Jumanne hii wali usije saa sita, uje saa saba, kwa sababu Waingereza wamesogeza mishale. Wetu alinisikiliza hadi mwisho, sahani mkononi. "Kwani huko," akauliza, "Ramadhani imeanza?"

Uongozi ukaona tufundishwe. Semina ya usimamizi wa muda ilipangwa kuanza saa tatu, ikaanza karibu na saa tano, kwani mgeni rasmi wa kuifungua alikuwa njiani. Mkufunzi alitueleza habari za Francesco Cirillo, Mwitaliano ambaye akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980 alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Unaitega, unafanya kazi moja dakika 25 bila kukatizwa, ikilia unapumzika dakika 5. Sina ugomvi na Cirillo, ila nadhani chumba chake kilikuwa na mlango. Kwetu dakika 25 huenda hivi: hodi, karibu, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, watoto, yule mgonjwa anaendeleaje, na mvua za huko kwenu vipi. Ukikatisha salamu kwa kuwa nyanya inakaribia kulia, hutasifiwa kwa nidhamu ya muda. Wataulizana umepatwa na nini, na jioni haijafika utakuwa na wageni wa kukupa pole.

Alimtaja pia Parkinson, Mwingereza aliyeichekesha dunia kwa kamati yake ya kubuni: inapitisha mtambo wa nyuklia kwa dakika mbili na nusu, halafu inabishania banda la baiskeli kwa dakika 45. Tulicheka sana. Kisha tukaanza kujadili kama chai ya kesho yake iwe na sambusa au maandazi, hadi muda wa mada ya mwisho ukaisha. Mada yenyewe ilihusu kufupisha vikao.

Na yapo mambo ambayo kalenda haiyaoni kabisa. Msiba hautumi mwaliko. Simu moja ya alfajiri inafuta bluu, kijani na nyekundu, na hakuna mkubwa atakayekuuliza ulikuwa wapi. Atakuwa ameketi kwenye turubai hilohilo. Kamati ya harusi nayo hukaa Jumapili saa kumi kwenye bustani ya baa, haimo kwenye mfumo wowote, lakini akidi yake sijaiona pengine. Mweka hazina ana orodha ya ahadi na huisoma kwa sauti. Usipofika huko utaulizwa na shangazi. Usipofika ofisini utaulizwa na programu.

Anayeendesha muda wa ofisi yetu hasa ni katibu muhtasi wa mkurugenzi, mama mmoja mwenye kaunta buku na penseli yenye kifutio. Kalenda ya pamoja anaifungua kwa heshima, kama mtu anavyomwamkia mkwe, kisha anarudi kwenye kaunta buku lake. Humo kuna "Kikao cha Tathmini" kila Alhamisi mchana ambacho hakijawahi kuwa na mjumbe hata mmoja. Ni muda wa bosi kula na kusaini mafaili. Na hakuna anayepewa saa sawa na mwenzake. Mhandisi anaambiwa saa tatu, mwanasheria saa tatu na nusu, mhasibu, ambaye huwa mapema, anaambiwa saa nne, na saa nne na dakika chache wote wanavuta viti kwa pamoja, kila mmoja akiamini amechelewa peke yake.

Nilimwuliza mimi huniandikia saa ngapi. Akanitazama juu ya miwani, akasema hayo si ya kuongelea koridoni, nije kesho saa mbili kamili tukae vizuri. Nilipokuwa natoka nikamsikia akimwambia mhasibu, kwa sauti ileile ya upole, kwamba kesho saa tatu u nusu atakuwa mweupe kabisa, hana mgeni.