Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Andy Beshear, Gavana wa Kentucky, kuhusu maziwa ya mama

Mheshimiwa Gavana,

Naomba radhi kwa kukusumbua huku kazi za jimbo zima zikikusubiri mezani. Si desturi yetu mkimbizi wa juzi kumwandikia mkubwa hadharani, nami nisingethubutu kama jambo lenyewe lisingewahusu watoto wachanga, ambao hawawezi kujisemea.

Kwa ruhusa yako, nieleze. Tangu 1985, mama mwenye virusi vya Ukimwi hapa Marekani aliambiwa asinyonyeshe. Agizo hilo lilikuwa na sababu yake. Jijini Nairobi, Profesa Ruth Nduati na wenzake walichapisha mwaka 2000 utafiti ulioonyesha kwamba, bila dawa, maziwa ya mama yaliambukiza watoto wapatao 16 katika kila 100. Baadaye zikaja dawa za kufubaza virusi. Utafiti wa Kesho Bora, ulioshirikisha akina mama wa Mombasa na Nairobi, pamoja na wenzao wa Burkina Faso na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba mama akimeza dawa tatu tangu ujauzito hadi wakati wa kunyonyesha, watoto wanaoambukizwa hupungua sana. Ukafuata utafiti wa PROMISE, ambao Moshi na Kampala zilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Humo, walioambukizwa kwa kunyonya kwa mwaka mzima hawakufika hata mtoto 1 katika 100.

Januari 2023 mwongozo wa serikali ya shirikisho ukabadilika, na mwaka 2024 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani nacho kikafuata. Siku hizi mama anayemeza dawa, na ambaye virusi vyake havionekani tena kwenye vipimo, hashurutishwi kuacha kunyonyesha. Anaelezwa kwamba maziwa ya kopo yanaondoa kabisa hatari ya kuambukiza kwa kunyonyesha, na kwamba akinyonyesha hatari inabaki ndogo, chini ya asilimia 1, ila haiishi. Kisha anaamua mwenyewe. Akiamua kunyonyesha, anapimwa wingi wa virusi kila mwezi mmoja au miwili, na mtoto naye anapewa dawa na kupimwa. Mwongozo huohuo unasema wazi kuwa si sawa kumripoti mama kwenye idara ya ulinzi wa watoto kwa ajili ya uamuzi huo.

Mheshimiwa, elimu hii ilitoka kwenye miili ya akina mama wetu. Haifai mabinti zao wanaokaa hapa Beechmont, Louisville, wawe wa mwisho kuipata.

Kwetu, mama akijifungua nyumba hujaa. Mama mkwe yupo, shangazi yupo, akina mama wa kanisani wanaingia na uji. Wakiona chupa wanauliza: "Mbona hunyonyeshi? Maziwa yamekataa?" Wanauliza kwa upendo, lakini mwenye siri moyoni anatetemeka. Mama wa namna hiyo anaweza kumpa mtoto kopo mbele ya muuguzi na kumnyonyesha usiku kisirisiri, bila daktari kujua, bila kipimo cha virusi, bila dawa ya mtoto. Mtoto wa namna hiyo ndiye ninayemhofia. Mama yake si mkaidi. Anaogopa kunyang'anywa mtoto.

Halafu kuna suala la mkalimani kwa mama asiyejua Kiingereza. Tunashukuru kwamba sheria inazuia watoto kutumiwa kutafsiri, isipokuwa kwa dharura. Lakini mkalimani mtu mzima anaweza kuwa anaimba nasi kwaya moja. Hata akiapa kutunza siri, mama akimwona mlangoni anafunga mdomo. Hata hivyo tunajua unajali kila mtu aelewe: tunakumbuka jioni zile za mwaka 2020, ulipokuwa ukizungumza na jimbo kuhusu korona, marehemu Virginia Moore akitafsiri kando yako kwa lugha ya alama. Ndiyo maana nimepata ujasiri wa kukuomba.

Nakuomba, kwa unyenyekevu wote, uielekeze idara ya afya iuandike mwongozo huu kwa Kiswahili anachokielewa mtu wa Bukavu, kule Kongo, sawasawa na mtu wa Mombasa. Kliniki zimpe mama mkalimani wa simu aliye nje ya mji, asiyetajiwa jina la mama huyo. Wafanyakazi wa ulinzi wa watoto waletewe kwa maandishi msimamo wa mwongozo kuhusu kuripoti. Na anayechagua kopo asikose kopo: mwaka 2022, kiwanda kimoja cha Michigan kiliposimama, rafu za maziwa ya watoto zilibaki tupu nchi nzima.

Ukipenda kusikia zaidi, Mheshimiwa, nitakuja Frankfort siku yoyote utakayoniita, pamoja na akina mama walio tayari kusema.

Wako mtiifu, kwa heshima nyingi,

Mkazi wa Beechmont, Louisville