Heko kwa Sangara

Walalamikaji wamesikilizwa vya kutosha. Leo nataka kumtetea sangara. Aliingizwa Ziwa Victoria kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mpaka leo hajapata wakili wa maana. Wahenga walituagiza mgeni tumpe jembe siku ya tatu. Huyu kutoka Ziwa Albert alikabidhiwa lake kabla hajatia pezi majini: mabwana samaki wa kikoloni waliwaona furu, samaki wa asili wa ziwa hilo, kuwa wadogo, wenye miiba, wasio na soko, wakatafuta wa kuwageuza kuwa minofu. Mwaka 1960 mwanabiolojia Geoffrey Fryer aliandika kuupinga mpango huo. Sangara hakuandika majibu. Alikula.

Na tazama alivyoturahisishia mambo! Furu walikuwa zaidi ya aina 500, kila aina na maringo yake. Huyu anakwangua mwani maweni, yule anavunja konokono, mwingine anachambua tope, na wapo waliokuwa wakinyonya mayai na makinda kutoka vinywani mwa mama zao. Nani angeyakariri yote hayo? Ilipofika mwisho wa miaka ya 1980, aina zisizoonekana tena zilihesabiwa kwa mamia, na mtandao wa chakula uliobaki hata mtoto wa darasa la pili angeuchora: uduvi, dagaa, sato (naye Mto Nile ndiko kwao) na juu yao mheshimiwa mwenyewe. Uduvi, ambaye zamani hakuna aliyemjali, sasa ndiye aliyekuwa akimlea sangara mchanga.

Tena hana upendeleo. Furu walipoadimika alihamia kwa uduvi na dagaa, kisha akawageukia watoto wake mwenyewe. Katika ukanda wetu huu, wakubwa wangapi wanaweza kuapa kwamba hawakuwabeba watoto wao?

Wapo wanaomsingizia kwamba furu walipotoweka mwani uliongezeka, ukaoza, na maji ya kina yakakosa hewa. Kesi hiyo ina washitakiwa wengi: mbolea na udongo wa mashambani, maji taka ya mijini. Sangara anaomba wasomewe mashitaka pamoja.

Wasichomtajia kamwe ni jinsi alivyoufikisha mtandao wa chakula nchi kavu. Furu alianikwa juani, basi. Sangara ana mafuta, jua halimwezi, anataka moshi. Kwa hiyo miti ya vilimani nayo ikaingia kwenye mlo wake. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, mabondo, yaani vibofu vyake vya hewa, yakaenda China kwa bei inayoiaibisha nyama yenyewe, na sisi tulioishi kando ya ziwa tukaachiwa mapanki, vichwa na mifupa, tena kwa kununua. Mgeni mwenye kukumbuka mabara matatu kwa mwili mmoja si wa kubezwa.

Nyavu zilipomwelemea, miaka ya 1990, baadhi ya furu walianza kurudi, wengine wakiwa na maumbile yaliyobadilika. Hilo halikutusisimua sana. Kilichotushitua ni sangara kupungua. Sheria ikakataza kumvua aliye chini ya sentimita 50, na mwaka 2018 Tanzania ilipotuma doria kupambana na uvuvi haramu ziwani, ilizipa jina Operesheni Sangara. Furu, kwa mamia yao ya aina, hawakuwahi kupelekewa hata mgambo mmoja.