Riwaya ya Ndugu Wawili Yafika Ligalani

Nyie, kuna watu wakisikia kitabu kimeandikwa na watu wawili, swali lao ni moja tu: nani kambeba mwenzake? Mxiu! Jumamosi nzima hapa ligalani, kijiwe chetu cha Carama, Bujumbura, tumelumbana juu ya hilo mpaka chai ikapoa vikombeni na mama wa chapati akatuambia tununue au tumwachie benchi lake.

Chanzo ni mwalimu mmoja wa hapa kijiweni. Ana kitabu cha Kifaransa, karatasi zimegeuka manjano, jalada linashikiliwa na skochi. Kimetungwa na ndugu wawili Warusi, Arkady na Boris Strugatsky. Kwa Kirusi kilitoka kwanza jaridani mwaka 1972, na jina lake ukiligeuza linakuwa Mandari Kando ya Barabara. Wengi wetu Kifaransa cha kumaliza kitabu kizima hatuna, na wenye nacho hawana muda. Basi mwalimu amekuwa akitusimulia jioni, kipande kwa kipande, kwa Kiswahili, akikwama anarukia Kirundi. Nakala moja, wasikilizaji kumi na zaidi, na hakuna aliyekosa la kusema.

Kisa chenyewe ni hiki. Wageni kutoka anga za mbali wameteremka duniani, mahali sita, wakaondoka bila kumsalimia mtu. Hawakupigana, hawakuhubiri, hawakudai ardhi. Walipopita pamebaki Kanda, eneo lililojaa vitu visivyoeleweka: betri zisizokwisha nguvu, na uteute ukikugusa mguu mfupa unalainika kama mpira. Serikali imezungushia askari, lakini wapo wanaoingia usiku kuviiba na kuviuza. Mmoja wao ni Redrick Schuhart. Si shujaa, si msomi. Ana mke, amewahi kufungwa jela, ana binti aliyezaliwa hafanani na watoto wengine kwa sababu ya kazi ya baba yake.

Humo ndani mtaalamu mmoja anatoa fikra yake. Wazia, anasema, watu wa mjini wametoka na magari, wameegesha kando ya njia, wamekula, wamekunywa, wamelala, asubuhi wameondoka. Wanyama na wadudu wa porini wanatoka mafichoni, wanakuta oili imemwagika, betri mbovu, makopo, majivu. Hawajui ni nini. Kwa hao wageni, sisi ndio wale wadudu.

Hapo ligala zima lilinyamaza. Aliyevunja ukimya ni fundi simu. Meza yake iko pale pembeni, hatua tatu kutoka kwenye karai la mafuta. Juu yake kuna betri zilizovimba kama maandazi, vioo vilivyopasuka, na skurubu ndogo kama mbegu za ufuta ndani ya kifuniko cha kopo. Kidole gumba chake kina kovu jeupe: betri moja ilimlipukia. Akauliza, "Mwalimu, hao ndugu waliwahi kufika Carama?"

Hakuwa anatania. Simu alizonazo mezani ziliundwa mbali, zikatumika mbali, zikaja kwetu zimechoka. Yeye anajua waya upi ukiugusa simu inawaka. Kwa nini inawaka, hakuna aliyemwambia. Na wataalamu wa kwenye riwaya ndivyo walivyo: betri ya wageni wanaitia kwenye gari, gari linakwenda, na hawajui inafanyaje kazi. Nimesikia watu wakisema hadithi za kisayansi ni za Wazungu na maroketi yao. Mxiu! Yule fundi hakusoma hata ukurasa mmoja, lakini ameielewa kuliko wao.

Dereva wa Probox, ambaye usiku uliotangulia alilala kwenye foleni ya esansi, akapinga. "Mandari gani? Hilo ni lori limepata ajali, mzigo umemwagika." Tukacheka. Kumbe Stanisław Lem, yule mwandishi mkubwa wa Poland, alitoa hoja kama hiyo hiyo: huenda hapakuja mgeni yeyote, ni chombo kisicho na rubani kilichoharibika karibu na dunia, kikapasuka vipande sita, vikaanguka na mali iliyokuwamo. Tena Ursula K. Le Guin wa Marekani alikipenda kitabu hiki kwa sababu watu wake ni wa kawaida, watu wa baa na wa deni, siyo makapteni. Sasa niambieni, dereva wetu ana upungufu gani?

Narudi kwenye swali la mwanzo, la nani kambeba mwenzake. Aliyelianzisha ni kijana mmoja wa chuo. Hoja yake ilikuwa kwamba riwaya ni sauti ya mtu mmoja, wakiwa wawili ni uvivu, kila mmoja anaandika nusu. Mwalimu akamweleza walivyofanya. Arkady aliishi Moscow, mfasiri wa Kijapani. Boris aliishi Leningrad, mtu wa kuchunguza nyota, aliyefanya kazi kwenye kituo cha Pulkovo. Hawakugawana sura. Walikutana, mmoja akaketi kwenye mashine ya chapa, mwingine akajilaza au akazunguka chumbani. Huyu anatamka sentensi, yule anaikataa, wanabishana mpaka wakubaliane, ndipo inapigwa. Neno kwa neno, kitabu kizima.

Huo ndio uvivu? Sentensi yangu mimi nikiiandika peke yangu usiku, hakuna wa kuniambia ni mbovu. Ya kwao ilikuwa na shahidi tangu ilipozaliwa. Halafu kilipotakiwa kutoka kama kitabu, wahariri wa dola ya Kisovieti waliwatesa kwa orodha za marekebisho: huyu anatukana, yule analewa, pale pana ukatili. Barua zilikwenda na kurudi miaka minane, na kilipotoka mwaka 1980 kilikuwa kimekatwakatwa. Mtu mmoja peke yake angechoka.

Wala tusiende Urusi. Pale Kamiriithu, karibu na Limuru, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika pamoja tamthilia ya Ngaahika Ndeenda kwa Kikikuyu. Mazoezi yalifanyika hadharani, na wanakijiji waliwasahihisha: mzee haongei hivi, mfanyakazi wa kiwandani hasemi vile. Maoni ya watazamaji yaliingia ndani ya kazi kabla haijafunguliwa. Oktoba ikaonyeshwa, Novemba ikapigwa marufuku, na mwishoni mwa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa. Kazi ya wawili iliitisha serikali nzima.

Mwisho wa riwaya nitausema, anisamehe asiyetaka. Redrick anakwenda Kanda kutafuta Tufe la Dhahabu, linalosemekana kutimiza matakwa. Njia yake haipitiki mpaka mtu mmoja afe kwanza. Redrick anajua. Anamchukua kijana, Arthur, mtoto wa mwenzake wa zamani, na hamwambii. Kijana anatangulia mbio, anapaza sauti akiwaombea watu wote furaha, na hapo hapo anakufa.

Wanaume tukaanza: je, Redrick ni mwovu, je, Tufe linafanya kazi kweli? Mama wa chapati alikuwa ameshika donge la unga, akaliacha juu ya ubao. "Na mama yake yule kijana aliambiwa nini?"

Hakuna aliyemjibu. Mwalimu alifungua kurasa za mwisho, akatafuta, akafunga. Katika maoni yote ya siku ile, hilo ndilo lililobaki kwangu, na nadhani ndilo swali la haki zaidi kukiuliza kitabu kile.

Na hadithi za kisayansi za kwetu? Zipo, ila hazitutoshi. Katama Mkangi alitupa Walenisi mwaka 1995, mtu aliyehukumiwa anarushwa na chombo hadi kwenye ulimwengu mwingine. Mwaka 2021 mume na mke, Saul Williams na Anisia Uzeyman, walileta filamu ya Neptune Frost: mchimba koltani, vijana wa kompyuta, kijiji kilichojengwa kwa mabaki ya mashine, na kisa kiko kwenye milima ya Burundi hii hii. Ilipigwa Rwanda, na Kirundi na Kiswahili vinasikika humo. Ni wangapi hapa ligalani waliiona? Wawili.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma. Kama unajua Kirusi au Kifaransa, tafuta mwenzako mwenye Kiswahili kizuri, mketi pamoja kama wale ndugu, mmoja atamke, mwingine akatae, mpaka Mandari isomeke kwa Kiswahili kizuri. Nakala ya kwanza mpeni mama wa chapati.