Namna ya Kutazamana na Ndege: Mwongozo kwa Mkusanya Vitabu

Anza na jicho. Iwe dukani au sebuleni kwa rafiki, fungua kitabu cha picha za ndege popote na utafute jicho la ndege kabla hujasifu rangi za manyoya. Ndege wengi macho yao yako pembeni mwa kichwa, hivyo anapokupa upande mmoja wa uso ndipo anapokuchunguza hasa. Bundi ana desturi yake: macho yanaelekea mbele na hayazunguki ndani ya fuvu, kwa hiyo hugeuza kichwa kizima, hadi nyuzi 270. Mpiga picha anayeyajua haya humsubiri ndege aamue kumtazama. Asiyeyajua hukuletea samaki wa mnadani: mwili wote upo, mwenyewe hayupo.

Baada ya jicho, tazama nukta ya mwanga iliyomo ndani yake. Yenye pembe nne ni dalili ya taa ya studio au dirisha. Ndogo ya mviringo, mara nyingi ni jua. Ukishaizoea nukta hiyo utaanza kujua mpiga picha alisimama wapi na alikuja na nini.

Kipimo changu ni kimoja tu. Kitabu kinastahili rafu pale ndege anapoacha kuwa sampuli ya aina yake na kuwa fulani bin fulani. Kutambua aina ni kazi ya vitabu vingine, navyo viheshimu: kile cha Terry Stevenson na John Fanshawe cha mwaka 2002 kuhusu ndege wa Afrika Mashariki kiweke kwenye mkoba uendapo msituni. Vya picha vinakaa nyumbani na kujibu swali jingine, la nani huyu.

Andrew Zuckerman alitoa *Bird* mwaka 2009. Kila ndege yuko mbele ya weupe mtupu, bila jani wala wingu, na nyuzi za unyoya mmoja unaweza kuzihesabu. Wapo wanaolalamika kwamba weupe huo unampokonya ndege makazi yake. Wana hoja, lakini pitia kurasa kumi bila kusoma majina, uone jinsi unavyoanza kupambanua mwenye hofu, mwenye kiburi na aliyechoka. Leila Jeffreys wa Australia aliifuata njia hiyo kwa upole zaidi katika *Bird Love* ya 2015. Kasuku wenye vishungi, njiwa na mwewe wake wamekaa kwenye mwanga laini kama waliokuja kupigwa picha ya familia, na picha huitwa kwa jina la ndege mwenyewe. Ukiwa na fedha ya kitabu kimoja tu, nunua hiki.

Ukipata ya pili, jikaze. Kitabu ambacho ningekiokoa kwanza nyumba ikishika moto ni *Karasu* cha Masahisa Fukase. Mjapani huyu alianza kuwafuata kunguru katikati ya miaka ya 1970, ndoa yake ikivunjika, akiwa safarini kurudi kwao Hokkaido. Kitabu kilitoka mwaka 1986. Hakina uzuri wa kubembeleza. Kunguru wengine ni vivuli tu juu ya theluji, wengine ni macho yanayowaka kwa flashi kwenye giza la mti, na katikati yao kuna upweke ambao hakuna aliyehitaji kuuandikia maelezo. Mwaka 2010 jopo la jarida la British Journal of Photography lilikichagua kuwa kitabu bora cha picha cha kipindi cha 1986 hadi 2009. Toleo la kwanza tuwaachie matajiri. Kampuni ya uchapishaji ya MACK ya London ilikichapa upya mwaka 2017, na picha ni zilezile.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa, kitabu hiki ni mtihani. Kunguru wa kwetu wenye shingo ya kijivu asili yao ni Bara Hindi, waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na leo wanakula mayai na makinda ya ndege wenyeji. Kuchukiwa kwao kuna sababu. Wa Fukase ni wa aina nyingine, lakini kaa nao jioni moja, halafu kesho yake mtazame yule anayedonoa jalalani. Kumchukia unaweza kuendelea. Kumpita bila kumwona hutaweza.

Sasa ukaguzi wa bidhaa, na hapa usione haya. Funua kurasa za katikati. Picha iliyotandazwa kurasa mbili humezwa na mshono, na kinachomezwa mara nyingi ni shingo au, msiba mkubwa zaidi, jicho. Kitabu kisicholala wazi mezani kirudishe, hata muuzaji akununie. Kisha kipeleke dirishani. Weusi uliochapwa vizuri una tabaka; ukiona dimbwi moja la wino, kazi ilifanywa kwa haraka. Kwa rangi zinazometa, kama za chozi, uwe na huruma: zinatokana na jinsi unyoya unavyocheza na mwanga na hubadilika ndege akijigeuza. Karatasi haiwezi hayo.

Uliza pia picha ilipatikanaje. Eric Hosking wa Uingereza alipoteza jicho la kushoto mwaka 1937, bundi alipomvamia karibu na kiota, naye akaendelea kuwapiga picha ndege kwa miongo kadhaa. Simtakii mtu yeyote ajali hiyo, ila nataka kujua gharama ililipwa na nani. Kiota kilichoondolewa majani ili lenzi ione vizuri, kunguru naye anakiona vizuri. Stephen Gill alisimika nguzo shambani Sweden, akaweka kamera inayojifyatua ndege anapotua, akaondoka zake. *The Pillar* cha 2019 kimejaa mabawa yaliyokatwa na ukingo wa picha na ndege wasiomjali mtu, na kina uhai ambao studio haijawahi kuupata.

Ukiishi pwani, adui yako ni unyevu. Usikifunge kitabu kwenye nailoni, maana jasho hubaki ndani na kuvu huota. Kiache mbali kidogo na ukuta, vikubwa vilaze, na kila wiki kifungue ukurasa mwingine. Hewa itapita, nawe utakuwa umetazama. Glovu huzihitaji, zinapunguza hisia za vidole na kurasa huchanika. Mikono safi, mikavu, yatosha. Mgeni mwenye sambusa aonyeshwe kwanza bomba la maji.

Kuhusu kuazimisha: cha Fukase kisitoke nyumbani. Cha Jeffreys mpe jirani mwenye watoto, akae nacho hata mwezi, na kikirudi na alama za vidole kwenye mashavu ya kasuku, mshukuru na umuulize walimpenda yupi.